Chupa Nne za Nyumba ya Gergina

Gergina Varbanova hakuwahi kunywa kahawa nyumbani kwa mtu kabla mwenye nyumba hajapiga funda la kwanza. Si kwamba alikuwa mkorofi. Ukimwomba ungo au jembe anakupa, ukiugua anakuletea supu. Lakini kuamini hakujua, na sisi wa Dolna Kremena hatukumlaumu, maana kijiji chetu, huku kaskazini-magharibi ya Bulgaria, kilijaa watu wa kunusa kwanza ndipo wameze. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Aliletwa kwetu bibi harusi mwaka 1963, ana miaka kumi na tisa, kutoka kijiji cha milimani. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule, na kwa kuwa mwalimu hualikwa kila harusi, nilikuwepo. Mama yake alimshika bwana harusi, Nayden, kwenye kola ya shati akamwambia, "Nakupa binti mzima. Nataka abaki mzima." Uani palikuwa na watu wapata mia na zumari inapigwa, lakini waliosikia waliangalia chini. Kila mmoja alijua yule mama anasema nini.

Alikuwa anasema ugonjwa. Ulikuwa wa figo, na haukuwa na pupa. Mtu anafika miaka arobaini na tano, anaanza kuchoka bila sababu, uso unapauka, viganja vinageuka rangi ya shaba, na baada ya miaka michache anazikwa. Milimani haukuwepo. Ulikuwa kwetu bondeni tu, tena ulichagua nyumba: hii imezika watatu, na jirani yao wanaochota naye maji kisima kimoja hajazika hata mmoja. Kwa hiyo tulishuku. Tulishuku visima, tukashuku mgodi wa juu ya mto, wengine wakashuku majirani na makaburi. Lakini tulichoshuku kuliko vyote ni damu. Tulisema nyumba fulani na fulani zina damu mbovu, na vijiji vya pembeni vikasema hivyo hivyo juu yetu sote. Posa ya kijana wa Kremena ilikuwa kazi ngumu.

Mama mkwe wa Gergina, Tsona, alifariki mwaka 1971 kwa figo. Mwaka uliofuata akafuata shemeji yake. Gergina akabaki na mumewe, baba mkwe, na binti mdogo aitwaye Iliyana, ambaye yeye Gergina alikuwa anamtazama viganja kila asubuhi kabla hajamruhusu aje shuleni. Nilimwona akifanya hivyo mlangoni, anavigeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti.

Mwaka 1974 ikaja tume kutoka mji mkuu. Madaktari sita na basi dogo jeupe. Kazi yangu mimi, kama mwalimu mwenye mwandiko mzuri, ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba nikigawa chupa, moja kwa kila mtu, yenye karatasi ya jina. Kesho yake asubuhi kila nyumba irudishe chupa zake na mkojo ndani, wapimwe. Nyumba itakayoonekana ina ugonjwa ingeandikwa kwenye orodha.

Neno hilo, orodha, ndilo lililotuharibia. Kila mama mwenye binti alilisikia kwa namna yake.

Asubuhi Gergina alikuja shuleni na kapu. Akapanga chupa nne mezani kwangu: ya mzee wa miaka sabini, ya Nayden, yake, na ya mtoto wa miaka minane. Zote nne zilikuwa na rangi moja, ya chai nyepesi, na zimejaa hadi alama ile ile. Nilizitazama. Kisha nikamtazama yeye, naye akanitazama bila kupepesa.

"Kuna tatizo, Mwalimu?"

"Hapana."

"Basi andika."

Nikaandika. Nilielewa kabisa kwamba zile chupa nne zimetoka kwa mtu mmoja, aliyekuwa mzima, na nikaandika majina manne. Mwenyewe nilikuwa na mchumba kijiji cha pili, na nyumba ya kwetu pia ilikuwa na chupa zake. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Tume ilichora ramani: nyumba zenye ugonjwa doti nyeusi, nyumba safi doti nyeupe. Nyumba ya Gergina, pale chini karibu na mashamba ya majimaji, ilipata nyeupe, na majirani zake kadhaa vilevile. Nyeusi nyingi zilionekana kuzunguka kisima cha juu, kwa hiyo kisima cha juu kikafungwa kwa zege, kikachimbwa kingine, tukapigiwa hotuba. Tukashukuru. Tukaendelea kufa.

Nayden alikufa mwaka 1986. Kwenye cheti waliandika moyo, kwa sababu Gergina alimganda daktari wa zamu mpaka akaandika moyo. Haikusaidia. Iliyana alikuwa ameposwa na kijana wa mjini, fundi wa treni, na familia ya kijana ilikuwa na macho: walikuja mazishini, wakaona mikono ya marehemu kifuani. Baada ya arobaini ya msiba posa ikarudishwa kwa barua ya mistari minne. Mabadiliko ya utawala yalipokuja na mipaka ikafunguka, Iliyana alikwenda Uhispania kutunza wazee, akakaa huko Zaragoza, na hakuolewa wala kuzaa. Mama yake alipomuuliza kwa simu, alijibu, "Mama, nizae nini? Niongeze doti?"

Ndivyo Gergina alivyobaki peke yake, na mbuzi wawili na geti la chuma ambalo hakulifungulia mtu asiyemjua.

Kiangazi cha mwaka 2005 likaja gari la zamani aina ya Niva, na ndani yake watu watatu ambao hatukuweza kuwaelewa. Mmoja alikuwa daktari wa figo, mwanamume mwenye ndevu. Wa pili mzee mwenye buti za mpira ambaye siku ya kwanza tu aliinama kwenye mtaro wa mashamba, akainuka saa moja baadaye. Wa tatu msichana wa miaka ishirini na saba, Kalina Dobreva, aliyebeba kompyuta. Waliomba kukaa kwenye shule yangu, iliyokuwa imefungwa miaka minne kwa kukosa watoto, nami kwa kuwa nilikuwa bado na funguo, nikawafungulia. Ile siku ya kwanza yule msichana aliniambia kwamba yeye ni mwanafunzi na ndiye mwenye kazi, na wale wawili, daktari na mtu wa mimea, ni wasimamizi wake. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Tangu lini mwanafunzi mmoja akasimamiwa na daktari na mchuma majani?

Dukani kwa Tsanko palichemka. Tsanko ni mwenye duka na baa yetu, na uongo wake huwa mtamu kuliko divai yake.

"Wanunua ardhi hao," alisema siku ya kwanza. Siku ya pili, "Nimepata habari. Wanatafuta figo za kuuza nje."

"Figo za Kremena?" akauliza mtu. "Nani atazinunua, kipofu?"

Tulicheka mpaka tukakohoa, lakini hakuna aliyewafungulia mlango.

Kalina alifika getini kwa Gergina siku ya tatu. Mimi nilikuwa uani kwake nakoroga pilipili nyekundu za akiba kwenye sufuria kubwa, kazi ambayo majirani husaidiana. Gergina hakumwacha aingie. Alizungumza naye kupitia vyuma.

"Wewe daktari?"

"Hapana, shangazi."

"Mwanasheria?"

"Hapana."

"Basi mtu wa ardhi. Siuzi."

"Ni mwanafunzi, shangazi. Nasoma shahada ya uzamivu ya sayansi za viumbe hai. Ni programu ya mseto."

"Mseto!" Gergina akanigeukia. "Umesikia, Mwalimu? Kama chakula cha kuku."

Msichana akacheka, jambo ambalo lilimuudhi Gergina kwa sababu hakukusudia kuchekesha. "Karibu hivyo. Nilianza na hesabu. Sasa nina wasimamizi watatu, wa figo, wa mimea na wa takwimu."

"Mabwana watatu. Kazi ya mtu mwenye mabwana watatu ni kulala njaa. Na shabaha yao nini, hao watatu?"

"Kuuliza swali moja kwa pamoja."

"Acha uongo, binti. Watu watatu hawajapata kuuliza swali moja tangu dunia iumbwe. Mmoja anauliza, wawili wanasubiri chakula. Nenda salama, jua kali."

Akarudi kwenye sufuria, akachukua mwiko mkononi mwangu kana kwamba na mimi nimefanya kosa. "Hesabu," alisema. "Anakuja kuhesabu nini hapa? Makaburi?"

Siku chache baadaye Kalina alinifuata mimi. Tulikaa kwenye ngazi za shule. Alitoa karatasi, nakala za madaftari ya tume ya 1974 alizozitoa kwenye kabati la wilaya. Nilitambua mwandiko wangu kabla hajaniambia.

"Ni wako, Mwalimu?"

"Inaelekea."

"Tazama hapa. Nyumba namba thelathini na moja. Watu wanne, mmoja mzee na mmoja mtoto. Vipimo vyote vinalingana mpaka nukta ya mwisho. Na hapa, nyumba thelathini na nne. Na hapa. Nyumba tisa ziko hivi." Kisha akasema taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikisema na mtoto aliyeiba chaki: "Ulichoka kutembea, Mwalimu? Ulichukua chupa moja ukaigawa?"

Damu ilinipanda. Miaka thelathini na nane nimefundisha, naitwa mvivu na mtoto wa jana kwenye ngazi za shule yangu mwenyewe. Lakini kumwambia ukweli kulikuwa ni kumtaja Gergina na wanawake wengine wanane, wengine tayari wako kaburini. Na nilijiuliza: huyu anatafuta ugonjwa, au anatafuta mkosaji?

"Sikumbuki," nikasema.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Gergina. "Wameziona chupa," nikamwambia.

Alikuwa anakamua mbuzi. Mikono haikusimama. "Umesema?"

"Sijasema."

"Uliyejua ni wewe peke yako. Miaka thelathini na moja nimejiuliza siku gani utasema."

"Gergina, nakuapia."

"Usiniapie. Funga geti ukitoka."

Wiki nzima hakunisalimia. Wakati huohuo Tsanko aliisikia habari nusu, akaikamilisha mwenyewe: Mwalimu alidanganya tume, Mwalimu alijaza chupa mwenyewe, labda ndiyo maana walifunga kisima kisichohusika. Niliingia dukani kununua mkate, maongezi yakakatika. Mtu mzima mmoja niliyemfundisha kusoma alitema mate pembeni. Sikujitetea. Nilinunua mkate nikaondoka, na njiani nilijisikia mzee kwa mara ya kwanza.

Sijui nani alimpelekea Gergina habari hiyo. Ninachojua ni kwamba Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia ukumbi wa shule, nikaona anaingia na kitambaa cheusi cha kanisani kichwani, ananipita bila kunitazama, anakwenda moja kwa moja kwenye darasa walilokuwa wanafanyia kazi. Nikamfuata na ufagio wangu.

Darasa lilikuwa limegawanywa kwa madawati. Upande mmoja kulikuwa na masanduku ya daktari na vichupa vya damu. Katikati magazeti, na juu yake mimea iliyokaushwa, mamia, na visahani vya mbegu. Upande wa dirishani ramani ya kijiji chetu, kubwa kama shuka, na kompyuta. Kalina alikuwa peke yake. Alisimama.

"Mwalimu hakugawa chupa," Gergina alisema. "Chupa zangu nilizijaza mimi. Zote nne. Nilikuwa mzima, nikawapa uzima wangu kwenye karatasi, kwa sababu nilikuwa na binti. Sasa andika jina langu, ufanye unalotaka kufanya. Lakini huyu mwache."

Nilitegemea msichana atachukua kalamu. Badala yake alikaa chini. "Shangazi," alisema, "nyumba yako ilikuwa na ugonjwa?"

"Mama mkwe. Shemeji. Baadaye mume."

"Na hizi nyingine nane?"

Gergina akaenda kwenye ramani, akaweka kidole, nyumba moja baada ya nyingine. "Huyu alizika wawili. Huyu mmoja, na mke wake aliyetoka milimani kama mimi. Huyu wote." Nilishangaa alivyozijua. Kumbe wale wanawake tisa, miaka yote hiyo, kila mmoja alimjua mwenzake na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Kalina alipaka doti tisa nyeupe wino mweusi. Ramani ikabadilika mbele ya macho yetu. Weusi uliacha kuzunguka kisima. Ulishuka ukajipanga kando ya mashamba ya majimaji.

"Daktari aliniambia nizifute nyumba hizi," alisema, si kwetu hasa. "Takwimu mbovu, futa. Ndivyo anavyofundishwa daktari. Mimi nilifundishwa kwamba mtu hadanganyi bila sababu, na mwenye sababu ya kuficha ugonjwa ni mwenye ugonjwa. Lakini sikujua ni nani aliyedanganya, wao au Mwalimu." Akanitazama. "Nisamehe, Mwalimu."

Nilisema si kitu. Ilikuwa kitu, lakini nilisema.

Gergina hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinama juu ya visahani vya mbegu. Kimoja kilikuwa na mbegu za kahawia, bapa, zenye pembe tatu. Alichukua moja akaibonyeza kwa ukucha.

"Hii naijua. Hii ya tufaa la mbwamwitu."

Ni gugu la kwetu, linaota mitaroni, lina maua ya njano na tunda kama pea dogo bichi. Kila mtu anakijua kitu hicho na hakuna anayekitazama.

"Unaijua vipi?" Kalina aliuliza.

"Ngano ya mashamba ya majimaji ilijaa hii. Kwetu milimani tulipepeta mara mbili, tukachambua kwa mkono. Nilipokuja hapa nikataka kupepeta, Tsona, Mungu amrehemu, akaniambia, 'Bibi harusi, hapa hatutupi ngano. Kinu kitasaga vyote.' Kikasaga vyote. Mkate ukawa mchungu kidogo, tukazoea." Akairudisha mbegu kwenye kisahani. "Mpaka duka lilipoanza kuleta mkate wa mjini. Mwaka sabini na tisa."

Kalina alikuwa amemshika mkono, na sijui alianza lini. Alimweleza bila kupamba. Kwamba katika nchi jirani kuna mtu alishawahi kulisema gugu hili zamani, na hakusikilizwa vya kutosha, kwa kuwa madaktari walitazama figo, watu wa maji wakatazama visima, na wa mimea hakuna aliyewaita. Kwamba mzee wa buti za mpira anajua gugu linaota wapi lakini hajui nani alikula nini. Kwamba daktari anajua nani alikufa lakini hajui shamba lake lilikuwa lipi. "Hakuna msimamizi wangu hata mmoja anayeweza kuimaliza kazi hii peke yake," alisema. "Ndiyo maana ya programu yangu. Nilikwambia getini nikasema vibaya. Mtu mmoja anafundishwa lugha zao zote tatu, vibaya-vibaya, ili abebe swali kutoka chumba hadi chumba lisimwagike. Lakini hata sisi hatukuwa na anayejua nani alikula kutoka shamba lipi. Hilo unalijua wewe."

Gergina aliutoa mkono wake. "Kwa hiyo siyo damu."

"Sidhani kama ni damu, shangazi. Bado lazima tuthibitishe."

"Ni mkate."

"Huenda."

"Mkate niliooka mimi."

Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga juu, akafungua kitambaa kichwani na kukifunga tena. Kisha akasema tumpe daftari, na mpaka saa sita mchana alikuwa anataja: nyumba, shamba, mwaka, nani alipepeta, nani hakupepeta. Kalina aliandika mpaka kidole kikavimba.

Walimpima na yeye. Alikuwa ameathiriwa kimyakimya na mkate ule ule, yeye aliyeletwa mzima kutoka milimani, figo zake zimebaki theluthi. Alipoambiwa alisema tu, "Nilijua. Viganja vyangu nilikuwa navitazama pia."

Alichoogopa kilikuwa simu. Alinitaka niwepo. Aliongea na Iliyana jikoni, amesimama, na alimwambia mambo matatu kwa mpigo: kwamba si damu, kwamba huenda ni mkate wa nyumbani, kwamba yeye Iliyana aliula kwa miaka kumi na tatu na inabidi akapimwe. Nilikuwa karibu, sauti ya Zaragoza niliisikia wazi.

"Kwa hiyo ningeweza kuzaa," Iliyana alisema mwishowe.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama, nina miaka thelathini na tisa."

"Najua. Nilikuzaa mimi."

Simu ilikatwa. Hakupiga kwa miezi miwili. Halafu siku moja ya Novemba alishuka kwenye basi na sanduku moja, akaingia uani, na akamkuta mama yake anafunga mizabibu kwa ajili ya baridi. Sikuwepo, nasimulia niliyoambiwa: hawakukumbatiana, Iliyana alishika ncha ya pili ya kamba. Vipimo vyake vilikuwa vizuri, ila lazima arudie kila mwaka, maana ugonjwa huu hujua kusubiri.

Kijiji hakikumpokea Gergina kwa maua. Tsanko alisema kwamba mwanamke huyu alituzibia macho miaka thelathini, na safari hii hakuwa anasema uongo mtupu. Wengine waliacha kumsalimu. Lakini wanawake wawili kati ya wale wanane, waliobaki hai, walikwenda shuleni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiangalia nyuma, wakasema na wao.

Kalina alitetea tasnifu yake baada ya miaka mitatu. Alitualika. Gergina wakati huo alikuwa anasafishwa damu kwa mashine mjini mara tatu kwa wiki, lakini alichagua siku ya katikati isiyo ya mashine tukapanda treni. Ukumbini maprofesa walibishana nusu saa, na si juu ya gugu wala figo. Walibishana kazi hii ni ya kitivo gani. Mmoja aliuliza kwa sauti ya kuchoka, "Mheshimiwa, wewe hasa ni nani? Si tabibu, si mtu wa mimea, na hesabu nzuri kuliko zako nimeziona." Gergina alinigusa mbavu kwa kiwiko. "Nilimuuliza hivyo hivyo," alininong'oneza, "lakini mimi nilikuwa nyuma ya geti, nina sababu. Huyu anaogopa nini?"

Walimpa shahada. Gergina hakufurahi sana. Alikuwa amepekua tasnifu akatafuta jina lake, akaona "kaya ya 31". Kalina akamweleza kwamba majina hayaandikwi, ni sheria ya kuwalinda watu. Akafikiri. "Basi andika kwamba aliyedanganya alikuwa na sababu." Kalina alimfungulia ukurasa wa mia moja na arobaini, na sentensi hiyo ilikuwepo tayari, kwa maneno marefu zaidi. Gergina aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari, kama mtu anayesaka shimo kwenye uzio. Hakulipata, akafunga kitabu.

Baada ya hapo kila kiangazi programu ile ilituletea wanafunzi wawili watatu, na Kalina akiwa ndiye msimamizi. Walitaka mashamba, madaftari, kumbukumbu za wazee, na kila mmoja ilibidi apite kwa Gergina. Geti halikuwa rahisi zaidi ya zamani. Iliyana, aliyekuwa amerudi moja kwa moja, aliwawekea viti nje kwenye kivuli cha mizabibu wasubiri, na mama yake akawahoji. Hakuwauliza kazi zao. Alimwuliza kila mmoja kazi ya mwenzake aliyeketi pembeni. Yule wa vinasaba aeleze mwenzake wa udongo anatafuta nini, na kwa nini, na akikipata atampa nani. Wengi walibabaika.

"Hujui?" aliwaambia. "Mmepanda gari moja kutoka mji mkuu, mmekula sandwichi moja, hujui? Nenda kamuulize. Ukishajua, rudi."

Nilimwona kijana mmoja mrefu, mwenye miwani, akirudishwa mara tatu kwa siku moja. Mara ya nne aliingia.

Gergina alifariki mwezi Machi mwaka 2012, ana miaka sitini na minane, kwenye kiti cha mashine, katikati ya maongezi na muuguzi ambaye Gergina alimshuku kwamba anampunguzia dakika za mashine. Tulimzika karibu na Nayden. Kwenye cheti Iliyana alisimamia waandike figo.